Mzee wangu alivyowekewa madini kichwani Bombay, na mimi nikasimama kulinda mzigo

Wakuu, marahaba.

Najua hamjanisalimia bado, lakini kwa umri wangu nimeona nitangulize jibu kabisa, maana humu watu wanaingia kwenye uzi moja kwa moja kama mbuzi kwenye shamba la mihogo.

Mimi ni bibi. Wajukuu waliniwekea hili jukwaa kwenye simu nisome mambo ya kilimo, nikakuta mnasimuliana visa. Vingine vya kweli, vingine chai. Hiki changu ni cha kweli. Nitakayemtaja humu akiwa amekufa, kaburi lake nalijua. Akiwa hai, mlango wake naujua.

Shule nilifika darasa la tatu nikatolewa kwenda kuchunga. Darasani walinifundisha namba, mbuzi wakanifundisha majina. Mpaka leo sihesabu kwa namba. Mbuzi akipotea, namba haikuambii ni nani.

Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za magonjwa. Ugonjwa umo, ndiyo, lakini kisa chenyewe ni cha mume wangu kudhani daktari amemwibia madini kichwani.

Twende taratibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya mvua zile za El Nino. Tulikuwa tunakaa Ushirombo. Mume wangu, Mzee Luhende, alikuwa fundi matimba kwenye machimbo ya upande wa Geita.

Kwa msiojua machimbo: shimo la dhahabu kule tunaliita duara. Matimba ni magogo yanayopangwa ndani ya duara kushikilia kuta zisiwafukie watu. Mzee hakuchimba dhahabu hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kupanga matimba, na duara likiwa na upande mbovu, kuujaza mawe na udongo usije ukatitia. Watu walikuwa wanamfuata kutoka Kahama mpaka Mwakitolyo. Akisema duara hili lishukwe, linashukwa. Akitingisha kichwa, hata mlevi hashuki.

Sasa shikeni jambo moja, maana ndilo lililotaka kuniulia mume.

Machimboni mzigo haulali bila mwenyewe. Mzigo ni mifuko yako ya mawe yenye dhahabu. Ukiupeleka kusagwa kwenye karasha, unakaa hapohapo unaangalia. Ukienda kuuosha, unakaa hapohapo. Haja ikikubana, unamwita mkeo akae. Ukisinzia kidogo tu, utaamka ukute mifuko ni ileile, kamba ni ileile, ila mawe yamekuwa ya kujengea choo.

Mzee alikuwa ameishi na sheria hiyo zaidi ya miaka ishirini.

Haya.

Siku moja mchana kweupe, Mzee alikuwa amesimama juu ya duara la Makoye akielekeza magogo yashushwe. Ghafla akashika kisogo, akageuka na hasira: "Nani kanipiga?"

Hakuna aliyempiga. Makoye mwenyewe alikuwa mbele yake, Sospeter mvuta kamba alikuwa upande wa pili. Mzee akarudia, "Nauliza nani kanipiga na nyundo?" Kisha akatapika, akaanguka.

Wakamfikisha Kahama kwa Bwana Akbarali. Huyu alikuwa na duka la kamba na pampu, wachimbaji wote walikuwa wanamfahamu. Miaka ya nyuma mdogo wake, Sadiki, alishuka duarani kwa udadisi tu, udongo ukamfunika mpaka kifuani, na Mzee ndiye aliyemchomoa. Akbarali alipomwona Mzee amelala kwenye gari akasema, "Huyu ni wa nyumbani kwangu, msiniulize kitu." Akampeleka Mwanza. Mwanza wakampeleka Dar. Dar wakapiga picha ya kichwa.

Picha ikaonyesha mshipa wa damu ndani ya ubongo umevimba ubavuni kama kibofu, na kile kibofu kilikuwa kimevuja. Wakasema kimevuja kidogo na kikaziba chenyewe, lakini kikipasuka tena hawatakuwa na la kusema. Na tiba yake haikuwepo nchini. Akbarali alikuwa na ndugu Bombay, wakaondoka.

Mimi nikabaki na watoto na rozari.

Alikaa huko zaidi ya mwezi. Akarudi anatembea kwa miguu yake, jicho moja limelegea kidogo kama la mtu anayekukonyeza. Jirani yangu Mama Sospeter alikasirika kabisa, akidhani Mzee amerudi na tabia za Bombay.

Mzee akatueleza. Hawakupasua kichwa. Walipitisha mpira mwembamba kuanzia pajani, ukapanda ndani ya mshipa, ukapita jirani na moyo, mpaka kwenye ubongo. Kupitia huo mpira wakaingiza nyaya nyembamba kuliko unywele, zinajikunja zenyewe kama springi ya kalamu, wakakijaza kile kibofu ili damu isiingie tena.

"Yaani wamekujaza kama unavyojaza duara," nikasema.

"Hivyohivyo," akasema. Na alivyolisema, nikajua amemheshimu yule daktari.

Bwana Akbarali akaongeza neno ambalo bora angelimeza. "Mama Kulwa, zile nyaya ni za platinamu. Ni madini hayo, yanaizidi dhahabu."

Wakuu, hapo kosa ni langu, sitamsingizia mtu.

Jumapili tumetoka misani, Mama Sospeter akanisogelea mbele ya wanawake wenzetu. "Pole na mgonjwa, Mama Kulwa. Nasikia huko walimpunguza ubongo?"

Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Hawakumpunguza kitu. Wamemwongeza! Mume wangu ana madini kichwani ambayo machimbo yenu yote hayajawahi kuyaona."

Niliyasema hayo nikiwa Ushirombo. Kabla ugali wa mchana haujaiva, yalikuwa yameshafika Geita.

Wageni wakaanza. Watu tusiowajua wanakuja kumpa Mzee pole, wanamsalimia huku wanamwangalia juu ya macho. Wakaja wachimbaji wawili, Bundala na Njile, wakaomba Mzee atembee tu kwenye kiwanja chao. Walisikia madini huvuta madini, kwa hiyo akipita juu ya dhahabu kichwa kitakuwa kizito.

Mzee akawafukuza. Kesho yake wakarudi na jogoo. Mzee akavaa kofia akaenda.

Alitembea, akafika mahali akasimama kufunga kamba ya kiatu. Bundala akapiga kelele, "Hapohapo!" Wakachimba siku nne, wakapata maji. Kisima kipo mpaka leo, kinaitwa Kwa Kichwa. Jogoo tulikuwa tumeshamla.

Sasa kati ya wageni hao akaja Deus.

Deus alikuwa broka, mnunuzi wa dhahabu mtaani, na kimizani chake kilikaa mfuko wa shati muda wote kama kalamu ya mwalimu. Akakaa kwenye kigoda, akamzunguka Mzee kwa macho kama mtu anayechagua tikiti.

"Mzee Luhende, walikuwekea nyaya ngapi?"

"Karatasi inasema saba."

"Karatasi. Na wewe ulihesabu?"

"Nilikuwa nimelazwa kwa dawa."

Deus akaguna, mguno wa machimbo ule unaotokea puani. "Ulilala? Mzigo wa platinamu unaingizwa, mwenye mzigo amelala? Mzee, wewe? Wewe uliyewafundisha hawa wote?"

Nilikuwa naosha vyombo. Nikamwona Mzee anaacha kutafuna. Toka siku hiyo akawa kila asubuhi anajigonga kichwa kwa kidole, taratibu, anasikiliza.

Ngoja nikatoe sufuria, nakuja.

Nimerudi. Naona huko chini mmeshaanza kubishana kama platinamu inashikwa na sumaku. Haishikwi. Deus alijaribu.

Yule daktari alikuwa ameagiza Mzee arudi baada ya nusu mwaka apigwe picha nyingine. Safari hii nikasema sibaki. Akbarali akamtuma mkewe, Mama Zarina, atusindikize. Mama Zarina alizaliwa Tabora, Kiswahili chake kinateleza kuliko changu, na lugha za kule anazijua. Mimi nikafunga khanga zangu na mfuko wa matobolwa, vile viazi vyetu vitamu vya kuchemsha na kukausha, kwa sababu sikujua kama Bombay wanakula.

Wanakula. Wanakula sana.

Daktari aliitwa Suresh. Mwembamba, miwani mikubwa, anacheka kwa mabega. Wakampiga Mzee picha, halafu akatuita ofisini, akazitundika mbili kwenye taa: ya zamani na mpya. Mama Zarina akawa anatafsiri.

Akasema uvimbe umerudi. Mdomo wa kile kibofu ulikuwa mpana tangu mwanzo, na damu kwa kugonga mchana na usiku imezishindilia nyaya ndani. Mlangoni pamebaki uwazi, na damu imeanza kuingia tena. Bado haijavuja. Ikivuja safari hii huenda Mzee asiinuke. Anataka kurudia kujaza, keshokutwa.

Mimi nilisikia neno "asiinuke" tu.

Mzee hakusikia hata hilo. Alikuwa amesogea kwenye picha mpaka pua inagusa. Anaangalia fungu la nyaya la zamani, anaangalia la sasa. La sasa lilikuwa dogo. Akanigeukia, akaniambia kwa Kisukuma, kwa upole kabisa, "Unaona? Deus alisema."

"Alisema nini?"

"Wamechota. Zilikuwa saba, angalia mwenyewe. Hizo ni saba?"

"Baba Kulwa, daktari anasema zimeshindiliwa."

"Mwizi wa karasha naye husema mawe yamesagika."

Akavaa viatu.

Mama Zarina akaniuliza, "Mzee anasemaje?"

"Anasema atafikiria."

"Mbona kafikiria kwa hasira hivyo?"

Keshokutwa ikafika na Mzee hajakubali. Alikaa kitandani na kofia yake, amekunja mikono. Sista Filomena, muuguzi wa zamu, alikuwa anakuja na fomu ya kuweka saini, anarudi nayo. Anakuja, anarudi. Daktari Suresh akaja mwenyewe mara mbili. Mzee anamsalimia vizuri tu, halafu anafunga mdomo. Mama Zarina alikuwa anamwambia daktari kwa tabasamu kubwa maneno matamu ya Kihindi, na bila kulitoa lile tabasamu anamgeukia Mzee kwa Kiswahili: "Mzee Luhende, wewe ni punda. Nimeacha nyumba yangu kuja kumtazama punda."

"Punda ana akili," Mzee akajibu. "Haingii mtoni mara mbili kwa mtu aliyemzamisha."

Ndege yetu ya kurudi ilikuwa imeshapangwa, zimebaki siku chache. Mimi nilikuwa naona kile kibofu kila nikifumba macho. Nikienda msalani nakimbia kurudi nione kama bado amekaa. Wakuu, niliomba mpaka nikaishiwa watakatifu. Nikaanza kuwaomba wale wasio na sherehe.

Sasa, mke wa miaka mingi ana silaha moja, ni kukumbuka. Siku ya tatu asubuhi nikakaa pembeni yake.

"Baba Kulwa. Lile duara la Makoye, upande wa magharibi, ulilijaza mwaka gani?"

"Hilo linahusiana nini na mimi hapa?"

"Ulilijaza kiangazi. Uliwatumia Sospeter na marehemu Ngasa kubeba mawe. Mvua ya pili ikanyesha, likatitia. Ni kweli si kweli?"

Mzee akaivuta kofia ikamfunika macho.

"Makoye akaja nyumbani mbele ya watoto, akasema umemwibia mawe. Kwamba ulijaza nusu, nusu ukauza. Wewe ukamwambiaje? Ulimwambia, 'Makoye, kujaza hushindiliwa. Maji yakigonga, mawe hukaa, juu hubaki pengo. Si wizi, ni kazi ya pili.' Halafu hukusema naye msimu mzima, hukula, unaniambia usiku kucha, 'Mimi naitwa mwizi? Mimi?' Sasa huyo mtoto wa watu mwenye miwani, akienda kwake leo anamwambia mkewe nini?"

Mzee akavua kofia. Akaitazama ndani, kama kuna kitu amekiweka humo.

"Mwite," akasema.

Daktari akaja. Mzee akaomba kalamu. Nyuma ya ile fomu aliyokataa kuiwekea saini akamchorea duara lenye mlango mpana, akachora udongo unavyomwagika nje ukijaza bila kuziba. Akamwambia Mama Zarina, "Mwambie mlango mpana haujazwi hivihivi. Unatanguliza mbao mdomoni, unashikilia, unajaza mpaka pakaze, ndipo unatoa mbao. Muulize alitanguliza mbao?"

Mama Zarina akatafsiri. Daktari Suresh akashika ile karatasi kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kucheka. Akasema mara ya kwanza hakuweka, ila safari hii, kwa kichwa hiki na kwa mlango wake huu, amepanga kuweka. Atapitisha puto dogo, alivimbishe mdomoni mwa kibofu, lishikilie. Ajaze waya mmoja mmoja kwa saizi ya nafasi iliyobaki. Mwisho alinyaushe puto, alitoe.

Mzee akamwangalia mwenzake wa kazi. "Hapo sasa umeongea."

Nikadhani tumemaliza. Mzee akainua kidole.

"Lakini mlinzi wa mzigo awepo."

Mama Zarina akafumba macho. "Mzee, hilo silitafsiri."

"Litafsiri. Mimi nitakuwa nimelala. Mke wangu akae aangalie. Bila hivyo sisaini."

Sijui alitafsiri vipi, ila ilichukua muda mrefu na mikono mingi. Daktari akanitazama mimi, mama wa Kisukuma na mfuko wa matobolwa. Akauliza swali moja tu: je, nikiona damu nazimia?

Nikasema nimezaa watoto tisa.

Wakanivisha aproni yenye madini ya risasi ndani, nzito kama mtoto wa miaka minne mgongoni, nikasimamishwa chumba cha pembeni chenye kioo na televisheni, Mama Zarina ubavuni kwangu. Ng'ambo ya kioo Mzee amelala amefunikwa kila kitu. Kwenye televisheni likatokea fuvu. Nikasema huyo siye. Halafu nikaliona pengo la jino la mbele, lile alilong'olewa na mpini wa sururu, nikasema ndiye, endeleeni.

Puto likapita. Likavimba mlangoni, dogo kama punje ya harage. Waya wa kwanza ukaingia, ukajizungusha wenyewe kama nyoka anayelala. Kumbe unakatwa kwa umeme kidogo wa betri ndipo unabaki ndani.

Na mimi nikaanza kuhesabu kwa njia yangu.

Wa kwanza nikamwita Kulwa. Wa pili Doto. Wa tatu Shija. Ndivyo watoto wangu walivyofuatana. Wa nne Mabula, aliyezaliwa mvuani. Wa tano Limi.

Wa sita Holo.

Holo alikufa kwa surua hajajua kutembea. Tangu siku ya kumzika, Mzee hakuwahi kulitaja jina hilo mbele yangu, wala mimi mbele yake. Sikupanga kulitaja pale. Ila mpangilio ni mpangilio, huwezi kumruka mtoto.

Basi Holo akaingia. Akajizungusha mara moja, nikamwona. Akasimama. Halafu nikamwona anarudi nyuma.

Daktari anamtoa.

Wakuu, sijui nini kilinipata. Nilipiga kile kioo kwa viganja viwili. "Mwizi! Anamtoa! Anamtoa Holo!" Mama Zarina ananivuta aproni, mimi nang'ang'ania kioo. Watu wote ndani wakageuka, isipokuwa daktari. Hakutikisika hata mkono, na hapo ndipo nilipaswa kujua ni fundi. Akasema neno pale kwenye kipaza sauti, bila kutoa macho kwenye kazi.

Mama Zarina akanishika mabega. "Mama Kulwa, nisikilize. Anasema huyo ni mkubwa. Nafasi imebaki ndogo, akimlazimisha atasukuma ukuta upasuke. Hajaibiwa mtu. Anamchukulia wa saizi yake."

Sista Filomena akafungua pakiti nyingine, akaiinua juu kwenye kioo ili niione.

Waya mdogo ukaingia. Ukajizungusha. Nikangoja. Ukakatwa, ukabaki.

Nikalia pale na aproni yangu ya risasi. Mama Zarina akadhani nalilia mume. Nilikuwa nalilia mume pia.

Wakaingia Mhoja, maana yake mfariji, niliyemzaa baada ya Holo. Milembe. Masele, kitinda mimba. Ndani ya kibofu pakajaa, pakawa peusi tii. Puto likanyauka, likatoka. Nyaya zikabaki zimekaa kimya.

Mzee alipoanza kuzinduka, walikuwa wamemzunguka. Daktari anataka abane vidole, ataje jina lake, aseme yuko wapi. Mzee akafumbua jicho moja, lile zima. Akanitafuta mpaka akaniona.

"Zimeingia ngapi?" Sauti kama ya karasha.

Daktari akamgusa mkono, anamuuliza jina. Mzee akamwambia Mama Zarina, "Mwambie asubiri. Naongea na mlinzi."

"Tisa," nikasema.

"Zitaje."

Ananijua ninavyohesabu. Nikaanza. "Kulwa. Doto. Shija. Mabula. Limi." Nikakwama.

Akangoja. Halafu akasema mwenyewe, "Holo?"

Nikashika reli ya kitanda. "Walimtoa. Alikuwa mkubwa kwa nafasi. Wakamrudisha kwa saizi yake."

Jicho la Mzee likajaa maji. "Amekaa?"

"Amekaa, Baba Kulwa."

"Endelea."

"Mhoja. Milembe. Masele."

"Mzigo umetimia," akasema. Ndipo akambana daktari vidole, mpaka daktari akaruka.

Kabla hatujaondoka Daktari Suresh alikuja kuaga, nikampa matobolwa yaliyobaki. Alitafuna moja muda mrefu sana kwa heshima. Ile karatasi ya Mzee ya duara na mbao aliibandika ukutani ofisini kwake, karibu na vyeti. Mzee alivimba kichwa kwa ajili hiyo kuliko kwa ugonjwa.

Tulipofika Ushirombo, Deus alikuwa ameshakaa kwenye kigoda changu.

"Mzee, safari hii walihesabu?"

"Walihesabiwa," Mzee akasema. "Wote kwa majina. Nenda kauze dhahabu."

Mvua za El Nino zikaja. Maduara upande wa Geita yakatitia moja baada ya jingine, hata yale aliyoyajaza Mzee mwenyewe. Kichwa chake hakikutitia. Makoye alikuja kumtania: "Luhende, kumbe Mhindi anajaza kuliko wewe." Mzee akamjibu, "Mhindi nilimchorea mimi."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kwa uzee na kifua. Siku za mwisho wanetu walikuwa na hofu. Walisikia minong'ono ya vijana wa machimboni kuhusu kaburi, wakataka kulimwagia zege. Mzee akakataa. Akasema, "Waacheni wachimbe. Zile nyaya zilikatwa kwa kichwa changu, hazimtoshi mwingine." Hakuna aliyechimba. Bundala alipita kaburini mara moja, akasema alihisi kichwa kizito, lakini yule ni mnywaji.

Funzo langu, wakuu, si refu. Mgonjwa wako akikataa tiba, usikimbilie kumwita mjinga. Kaa naye, tafuta anachokiogopa kinaitwaje kwa lugha ya kazi yake, halafu mzungumze kwa lugha hiyo. Na ugonjwa ukirudi, usimwite fundi mwizi kabla hujakumbuka ulichojaza wewe kikatitia. Kichwa kikikupiga ghafla kama nyundo na hakuna aliyeshika nyundo, acha kubishana na waliokuzunguka, nenda hospitali.

Mwenye mgonjwa wa namna hii, au aliyewahi kupita kwenye hizi tiba siku hizi ambapo nasikia zinafanyika hata hapa nchini, aseme hapo chini jinsi ilivyokwenda, nitasoma zote. Mama Sospeter naye yumo humu, ana jina la kiume na picha ya gari. Nimekuona, shoga, karibu.

Ila atakayeandika, aanze na shikamoo. Jibu nimeshalitoa pale juu.